Sauti za Wamama Ulizozipeleka Kampala

Masika,

Saa hii wewe uko kanisani, kwaya inakuaga. Watakuimbia, kisha mchungaji atawaambia watu kwamba binti yetu anakwenda Kampala kusaidia wagonjwa, na watu watapiga makofi. Mimi nimebaki jikoni na sufuria ya maharagwe. Walioniuliza kama nitakuja niliwaambia nina kazi. Kazi yenyewe ni hii barua.

Baba yako ameniomba nikuandikie kwa upole. Anasema mtoto hapaswi kusafiri na hasira ya mama mgongoni. Nimemjibu kwamba hasira hii sikuiokota njiani. Wewe ndiye uliyeipanda, basi ondoka na mavuno yako. Kwa hiyo mambo ya koti, ya chakula, ya watu wa mpakani Kasindi, yote hayo nayaacha. Baba yako amekwisha kuyasema mara nyingi, na una akili ya kutosha kwa hayo.

Nianze na ndugu yako, kwa sababu kila tukigombana unamtanguliza yeye.

Muhindo alishikwa na kifafa kabla hajaanza shule. Unakumbuka tulivyomficha. Akianguka mbele ya wageni, nilisema mtoto ana malaria. Tulimpeleka kwenye chumba cha maombi kabla ya kumpeleka hospitali, na hata alipopewa dawa, nilimnywesha mlango ukiwa umefungwa, kama mtu anayeiba. Majirani hawakujua, kwa hiyo siku alipoanguka kwenye bwawa la samaki la jirani, wale watoto waliokuwa naye walifikiri anacheza. Walisimama wakimcheka mpaka akazama. Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia.

Ndiyo maana nilianzisha lile kundi la WhatsApp. Nilitembea sokoni, nikapanda Lubero kwa wauzaji wangu wa viazi, nikashuka Vuhovi, nikiulizia wamama wenye watoto wa kifafa. Walikuja mmoja mmoja, kwa woga. Wengi hawawezi kuandika, na wanaoweza wana mikono yenye udongo, kwa hiyo tulizungumza kwa sauti, Kinande na Kiswahili vikichanganyika. Niliwaambia, hapa ni nyumbani, semeni yote. Na wakasema yote. Mwanamke aliyekuwa hajamwambia hata dada yake alibonyeza simu akalia mbele yetu, na sisi tukamjibu kila mmoja kutoka shambani kwake.

Wewe ulikuwa chuoni unasoma informatique, mambo ya kompyuta. Sauti zilipozidi, nilikupa simu yangu unisaidie kuzipanga, ujue nani kauliza nini na nani hajajibiwa. Ulifanya vizuri. Nilijivuna. Niliwaambia wamama, binti yangu ndiye katibu wetu.

Halafu ukapata stage, kazi ya kujifunza, kwenye ile kampuni ya dawa ya Kampala. Nakumbuka siku uliyoniuliza. Nilikuwa nachambua maharagwe, ukaketi kwenye kizingiti, ukanieleza kwamba watu wanaotengeneza dawa wanajua tu habari za wagonjwa waliofika hospitali. Asiyefika, anayekunywa dawa nyumbani na kuona mwili unabadilika, hakuna anayemsikia. Ukasema siku hizi wanatafuta kumsikia huyo pia, popote anapozungumza, redioni, kwenye simu, na kwamba wanaifundisha mashine kuelewa hata Kinande. Ukauliza kama unaweza kutumia sauti za kundi kwa kazi yako.

Nikasema ndiyo. Sikuinua hata kichwa. Nilifikiri ni kazi ya kumwonyesha mwalimu, apewe alama, iishe.

Hilo ni langu na sitalikwepa. Nilikubali kitu ambacho hakikuwa changu. Zile sauti hazikuwa maharagwe ya mfuko wangu nimpe ninayemtaka. Lakini wewe uliyeuliza ulijua unakoipeleka ile ndiyo, na mimi niliyejibu sikujua. Kati yetu wawili, mwenye kujua alipaswa kurudia swali. Umri wangu umenifundisha hivi: mtu anayekujibu upesi mno, hajasikia ulichomwomba. Mwulize tena. Mwulize akiwa ameketi, mikono yake ikiwa mitupu.

Sasa Kahambu.

Ulimjua kwa sauti kuliko kwa sura, na hiyo ndiyo taabu yote. Kahambu ameolewa Vuhovi, mwanawe ni Kakule. Kila ujumbe wake alianza vilevile, "Wamama bangu, muko?", na nyuma yake mbuzi walilia. Mume wake alikuwa mtu wa chumba cha maombi. Aliapa kwamba mwanawe hatakunywa dawa ya hospitali, kwa kuwa kunywa ni kumwambia Mungu kwamba hatumwamini. Kahambu hakubishana naye. Alichukua siro, dawa ya maji ya hospitali, akaitia kwenye uji wa mtoto kila asubuhi mume akiwa ameenda shambani, na Kakule akaacha kuanguka. Mume akasifu maombi. Kahambu naye akamwachia zile sifa. Alitusimulia haya akicheka, na sisi tulicheka pamoja naye, kila mmoja akimkumbuka mume wake.

Kisha zikaja chupa mpya madukani. Jina la dawa lilelile, kizibo cha rangi nyingine. Kahambu alikuwa wa kwanza kusema kwamba Kakule analala kama mlevi, hata kijiko hakishiki. Wa Lubero akasema wake ni hivyohivyo. Mwingine wa huku Butembo akasema wake ametapika na macho yamemgeuka. Niliwashauri wawapeleke kwa daktari, na baadhi yao walikwenda. Wewe ulizisikia sauti zote hizo na ukazipeleka kampuni.

Ukaenda nazo Beni, kwenye ule mkutano wao, ile réunion ya hotelini. Uliniaga asubuhi ukiwa umevaa koti la mazungumzo makubwa. Walikaa pale wakubwa wa afya, waganga, wauguzi wa vijijini, wakionyeshwa jinsi mashine inavyosikia Kinande na kuandika Kifaransa ukutani. Ilihitajika sauti moja ya mfano. Ukachagua ya Kahambu, kwa kuwa, hivyo uliniambia mwenyewe, ilikuwa safi na ilisema mambo mengi kwa muda mfupi. Jina lilikuwa limefutwa. Kijiji kilikuwa kimefutwa. Ukabonyeza, na ukumbi mzima ukasikia: "Wamama bangu, muko?", kisha habari yote ya siro kwenye uji.

Katika ukumbi ule alikuwamo Mbusa, muuguzi wa Vuhovi, mdogo wake mume wa Kahambu. Anakula kwa shemeji yake karibu kila Jumapili. Wewe ulidhani mtu anajulikana kwa jina. Huku kwetu simu ikilia gizani tunamjua mtu kwa kukohoa kwake.

Sidhani Mbusa alitaka ubaya. Alifika nyumbani akamwambia kaka yake kwa nia njema, labda akidhani ni njia ya kumfungua macho kuhusu dawa. Lakini fikiria alichosikia yule mume. Alisikia kwamba mke wake anatia vitu kwenye chakula. Alisikia kwamba watu wa Beni, kwenye hoteli, wamesikia kabla yake. Hakusikia tena neno dawa. Katika nchi hii, mwanamke anayetia vitu kwenye chakula kwa siri ana jina moja tu, nawe unalijua. Kabla ya jua kuzama neno sumu lilikuwa limekwisha kuzunguka kijiji, na mama mkwe alikuwa ameanza kuhesabu vifo vya zamani katika ukoo.

Kahambu alirudishwa kwao Kasugho na nguo alizokuwa amevaa. Mtoto alibakizwa, na siro ikamwagwa chini.

Kakule aliangukia jikoni, kwenye moto. Mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko kushuka. Mbusa ndiye aliyemfunga bandeji, na nimeambiwa alikuwa akilia wakati wa kufunga.

Habari hiyo nilipewa sokoni, kwa mdomo wa mwanamke wa Vuhovi ambaye hakujua kwamba mimi ndiye mama wa mwenye mashine. Nilirudi nyumbani nimeacha viazi vyangu bila mtu wa kuvitazama. Wewe ulikuwa umekaa na wanakwaya wenzako sebuleni, na mimi nilikusema mbele yao. Nilikuita muuza watu. Nilisema Muhindo angekuonea haya. Baba yako ananitaka nitubu kwa neno hilo la pili, na natubu, kwa sababu maiti haitumwi kugombana. Neno la kwanza bado nalitafakari.

Nataka ukumbuke ulivyonijibu wageni walipoondoka, kwa sababu mimi sitasahau.

"Mama, ni wewe njo ulisema ndiyo."

Nikakubali. Nikakuambia basi twende wote wawili Kasugho, tupige magoti mbele ya Kahambu, mimi kwa ndiyo yangu, wewe kwa kazi yako.

Ukasema, "Siwezi. Kampuni inakataza kuwasiliana na source."

Source, eti chanzo. Mwanamke aliyekutumia maharagwe mapya ulipofaulu mtihani. Nilikutazama nikadhani nitaona aibu usoni mwako, nikaona umechoka tu, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Wakamtuma yule kijana wao, chef wa mradi, mwenye viatu vya kung'aa. Alikuja na kreti ya soda kana kwamba ni posa. Alizungumza na baba yako zaidi kuliko mimi. Alisema wamesikitika, lakini kisheria hakuna jina lililotajwa, kwa hiyo hakuna aliyedhurika na kampuni; aliyemdhuru mtoto ni mila. Nilimuuliza kama yeye ana mama. Akasema ndiyo. Nikamuuliza, mama yake akiongea nyuma ya ukuta, anahitaji kutajiwa jina ndipo amjue? Baba yako akaanza kuzungumza habari za barabara. Nikaibeba ile kreti mwenyewe nikaiweka nje, chini ya mvua, na wewe ukanichukia siku hiyo kama nilivyokuchukia mimi. Tangu hapo katika nyumba hii tunapitana kama wapangaji.

Lakini nisiwe mwongo. Kuna upande mwingine, na umenirushia usoni mara nyingi kwa hasira, kwa hiyo acha niuandike mimi kwa mkono wangu.

Zile chupa ziliondolewa madukani. Tangazo lilibandikwa kwenye maduka ya dawa Butembo na Lubero na likasomwa redioni: siro ya kizibo kile ilikuwa imetengenezwa kali kupita kipimo, irudishwe. Hospitali haikuwa imeona kitu. Ni sauti za wamama, wakilalamika jambo lilelile kutoka vijiji visivyojuana, ndizo zilizowashtua waliotengeneza. Kwenye soko la Lubero nilikutana na mama wa kundi letu, amembeba binti yake mgongoni, mtoto yuko macho kabisa, anavuta ushanga wa shingo ya mama yake. Yule mama alinishukuru. "Wasingya," alisema, akadhani ni mimi niliyekwenda kulalamika. Nilinunua viazi vyake vyote ili niondoke haraka.

Kwa hiyo najua kwamba kazi yako ina maana. Hicho ndicho kinachonikasirisha zaidi. Ingekuwa kazi ya wezi, ningekukataza na ningelala. Lakini mtoto wa Lubero yuko macho kwa sababu yako, na mkono wa Kakule haukunjuki kwa sababu yako, na wewe umeamua kusafiri na mmoja tu.

Wiki iliyopita nilikuambia nakwenda Lubero kwa viazi. Sikuishia Lubero. Barabara ilikuwa imetulia kidogo, nikapata pikipiki, nikaingia Kasugho nimejaa matope mpaka kifuani.

Kahambu alikuwa anapalilia shamba la kaka yake, upande wa msitu. Kakule alikuwa naye. Nilishtuka kumwona. Akanisimulia kwamba mume wake alimleta mwenyewe, mtoto akiwa bado na bandeji, akamsimamisha mlangoni, akaweka kando yake mfuko wa nguo zake, akaondoka bila kusalimu mtu. Tangu hapo anakunywa dawa yake hadharani, ile nzuri ya zamani, na haanguki. Anajifunza kula kwa mkono wa kushoto.

Nilipiga magoti kwenye majani. Nilimwambia yote, na ile ndiyo yangu. Alinisikiliza akiwa ameshika jembe. Hakuniinua wala hakunifukuza. Kisha nikamwambia habari ya chupa, na hapo nikagundua kwamba hakujua. Kasugho hawakusikia tangazo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba yeye ndiye aliyesema wa kwanza na kwamba alisema kweli.

Alikaa chini. Halafu akasema maneno haya, na ninayaandika kama alivyoyasema, ili usije ukayaweka kwenye mashine yakatoka ukutani kwa Kifaransa:

"Sauti yangu ilifika mpaka kwa bale banatengeneza dawa. Sasa juu ya nini hakuna mutu alifika kwangu? Bamefuta jina yangu pahali ya kunisifu, bakaacha sauti yangu pahali ya kuniua."

Nilimuuliza anataka nini. Nilidhani atataka sauti yake ifutwe kabisa, nami nilikuwa tayari kuja kukupigania kwa hilo. Akakataa. Alisema ibaki, iendelee kusema, kwa kuwa kuna watoto wengine. Alichotaka ni kitu kidogo hata nikaona haya.

"Masika apigie bwana yangu simu," alisema. "Amuambie ile kitu nilitia mu uji ilikuwa dawa, haikuwa sumu. Amuambie ni miye niliona chupa iko mbaya mbele ya badaktari. Wewe Mama hawezi kukusikia, uko rafiki yangu. Mbusa alishajaribu, akafukuzwa. Lakini Masika njo alipeleka sauti. Akisema yeye, ataamini."

Nikamuuliza kama anataka kurudi kwa mume. Akasema hilo ni lake, ataliamua baadaye. Kwanza anataka aweze kupita Vuhovi sokoni bila watu kuficha vyungu vyao.

Nilirudi na maneno hayo, na kwa siku kadhaa nimeshindwa kukupa. Nilikuona unakunja nguo, unaimba. Nilijiambia, akishafika atatulia, nitamwandikia. Lakini naijua hiyo njia, niliipita na Muhindo, ya kungoja siku nzuri ya kusema.

Najua utakavyofikiri ukisoma. Utafikiri kwamba ukipiga simu hiyo umevunja sheria ya kampuni kabla hata hujapewa meza. Labda ni kweli. Labda watakurudisha Butembo, na wale wanaokupigia makofi leo wataniuliza sokoni imekuwaje. Nitawajibu. Kuuza viazi hakujawahi kuniua, na wewe una miguu.

Tena labda hawatakufukuza. Huko unakokwenda utapewa sauti za watu wengine, wa Beni, wa Kasese, wa mahali ambapo sitafika. Utakaa chumba chenye baridi ya mashine na utamsikia mwanamke asiyekujua akisema mtoto wake amelala mno. Sikuombei uache kumsikia. Ninachotaka ni kwamba siku hiyo uwe umeshawahi, hata mara moja, kuongea na mwenye sauti, umsikie akinyamaza upande wa pili, usijue ataanza na neno gani. Kama hujafanya hivyo na Kahambu, hutafanya na mwingine yeyote. Utakuwa hodari sana katika kazi yako, na mimi nitakuogopa.

Kesho sitakusindikiza kituoni. Baba yako atabeba sanduku lako, na ukiuliza atakuambia nina mafua. Sina mafua. Namba ya mume wa Kahambu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Basi la Beni huwa linasimama muda mrefu Maboya kwa ajili ya ukaguzi, simu inashika vizuri, na asubuhi hiyo yule bwana atakuwa bado hajaenda shambani. Mtaje Kahambu kwa jina lake lote. Na huyo bwana usimsemeshe Kifaransa.

Ukimaliza, nipigie, hata akikutukana, hata akikukatia simu. Nitapokea, na tutazungumza kama zamani, au tutajaribu. Usipompigia yeye, usinipigie mimi. Utaona jina langu linaita, linaita, mpaka linakatika, na utajua kwamba simu haijapotea, iko mkononi mwangu.

Maharagwe yameiva. Nimekuwekea ya njiani kwenye ile kontena yenye mfuniko wa kijani.

Mimi mama yako, ambaye Butembo nzima, nikitaka nisitake, inamwita Mama Masika.